Mashine ya boti inazima ukiongeza mafuta: maswali yenu

Nina Yamaha 15 ya mchanganyiko wa petroli na oili. Sailensa, yaani mngurumo wa polepole, inakaa vizuri, lakini nikiongeza mafuta ili iende kasi inakohoa na kuzima. Fundi anataka tununue kabureta mpya. Nikubali? (Mvuvi, Mafia)

Usitoe hela bado. Mashine inayokubali polepole na kukataa mwendo kwa kawaida ina njaa: mafuta yanayopita yanaitosha sailensa, ukitaka mengi hayafiki. Kuipima ni bure. Mwachie mwenzako mashine, wewe shika ile pampu ya mpira ya kubana kwa mkono. Ikianza tu kukohoa, bana mara mbili tatu. Ikichangamka, usiilaumu kabureta kwanza. Kagua viungio vya mpira wa mafuta kama vinaingiza hewa, kisha chujio, kisha pampu ya mafuta ya mashine yenyewe. Ngozi yake nyembamba ya ndani huchoka.

Itazame pia hiyo pampu ya mkono. Ikibonyea yenyewe kama chungwa lililokamuliwa, mafuta yamezuiwa huko tangini. Mara nyingi nimekuta ni skrubu ya hewa kwenye mfuniko: mtu ameikaza asiingize maji ya chumvi, akasahau. Ilegeze usikilize, tangi litavuta pumzi, fyuu!

Kubana kusiposaidia, vuta choki kidogo inapokohoa. Ikipata nguvu, jeti ya kabureta, lile tundu dogo la kupitisha mafuta, imeziba. Hapo fundi ana hoja, ila ya kusafisha, si ya kununua.

Nimesafisha kabureta mara tatu. Baada ya wiki, yale yale. (Nahodha, Pangani)

Basi uchafu unaununua pamoja na petroli. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie. Maji hukaa chini. Ukiinamisha chupa utayaona yakikimbizana kama shanga. Ukiyaona, mwaga tangi lote ulipanguse. Kitambaa cha kuchujia huzuia mchanga, maji yanapita, kwa hiyo tafuta chujio lenye kikombe cha kutenga maji. Na ukimimina kutoka kwenye dumu, yale ya mwisho kabisa yaache humo humo. Sigara iwe mbali.

Plagi zangu zinalowa, nyeusi tii. Nazidisha oili ili mashine isichoke. Nakosea?

Ndiyo, ndugu yangu. Mashine nyingi za mchanganyiko hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Hakikisha kwenye kitabu cha mashine yako. Oili ya ziada inalowesha plagi, na plagi iliyolowa haichomi vizuri. Pima kwa chombo chenye alama, na iwe oili ya mashine za boti.

Yangu haizimi. Inapiga kelele kubwa, boti haisogei.

Huenda mpira wa ndani ya propela umeachia. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, kisha endesha. Mistari ikiachana, ndio huo.

Yangu inazima nikiongeza mafuta, na spea inafika wiki ijayo. Naweza kutoka nje ya mwamba kwa mwendo wa polepole?

Usitoke, nakuomba. Pale kwenye mlango wa mwamba, wimbi likiinuka, ndipo utakapohitaji mafuta mengi kwa ghafla, na ndipo mashine hiyo itakapokufa na kukuacha ubavu kwenye wimbi. Hata spea ikishafungwa, usiridhike na jaribio la kwenye pipa, maana pipani mashine haisukumi kitu. Ijaribu ndani ya mwamba, boti ikiwa na watu na mzigo wake, dakika 10 mfululizo mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho, nanga na makasia yakiwa ndani.