Lebo ya Wilson na jezi ya mwaka 1951

SWALI: Shikamoo mzee. Nauziwa jezi ya besiboli ya Marekani, ya sufu, rangi ya kijivu, ya timu mojawapo ya Ligi ya Taifa (National League). Mwenye nayo anasema ilivaliwa uwanjani msimu wa 1951. Kwenye kola ina lebo ya Wilson na saizi 44. Chini yake kuna kitambaa kidogo chenye maelekezo ya kufua na namba ya RN, 5 zikiwa tarakimu zake. Pindoni nyuma limetariziwa jina la mchezaji. Muuzaji anasisitiza kwamba lebo ya Wilson ni ushahidi tosha. Je, nimwamini?
Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU: Marahaba. Usitoe pesa bado.

Wilson walishona kweli jezi za timu kubwa miaka hiyo, kwa hiyo jina la kampuni halinisumbui. Kinachonisumbua ni hicho kitambaa kidogo. Kanuni ya Marekani inayolazimisha maelekezo ya kufua yashonewe kwenye nguo ilianza kutumika Julai 1972. Kufikia hapo timu zilikuwa zikihamia poliesta, tangu Pittsburgh Pirates walipoivaa mwaka 1970. Itazame pia hiyo RN, namba ya usajili wa kampuni za nguo. Ikiwa ni 13670 au zaidi, ilitolewa mwaka 1959 au baadaye. Ungeona herufi WPL ningetulia kidogo, kwa kuwa namba hizo zilitolewa kwa kampuni za sufu kuanzia 1941 hadi 1959. Lakini kampuni iliruhusiwa kuendelea kuitumia namba yake ya zamani, kwa hiyo WPL nayo haifungi hesabu.

Basi ama jezi nzima ilishonwa baadaye, ama umeletewa vipande vya nguo mbili. Jezi za sufu za mitindo ya zamani zimekuwa zikishonwa upya tangu miaka ya 1980, Mitchell & Ness wa Philadelphia wakiwa ndio maarufu zaidi, na wanazishona kwa uangalifu mkubwa. Kwa mvaaji hizo ni nguo nzuri kabisa. Ubaya unaingia mtu anapofumua lebo ya mshonaji na kubandika nyingine.

Ndiyo maana nasema lebo inaweza kuikana jezi, ila haiwezi kuithibitisha peke yake. Ni kipande kidogo, mishono yake michache, kinahamishika. Igeuze kola ndani nje uangalie matundu ya sindano: yakizidi mishono iliyopo, kuna lebo nyingine iliyowahi kukaa hapo. Sufu husinyaa ikifuliwa mara nyingi, lebo ya pamba haisinyai kwa kiasi kile, kwa hiyo lebo iliyoishi na jezi yake huwa imekunjamana. Ikiwa imelala bapa juu ya sufu iliyosinyaa, ilifika baadaye. Kisha zima taa, uimulike kwa taa ya urujuanimno. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa. Sabuni nazo huweza kuung'arisha uzi wa zamani, kwa hiyo usiutazame uzi mmoja tu. Linganisha uzi wa lebo na ule wa mishono ya mabegani.

Tazama pia mikono ya jezi. Mwaka 1951 timu za Ligi ya Taifa zilivaa kiraka cha kuadhimisha miaka 75 ya ligi hiyo. Kama hakipo, matundu yake au kivuli chake kiwepo. Kukosekana vyote viwili kwangu ni kasoro nzito kuliko lebo.

Jina la pindoni lilishonwa kwa mshono wa mnyororo, yaani vitanzi vya uzi vinavyoshikana kama mnyororo, na mashine za kuushona zipo hadi leo. Lichunguze kwa upande wa ndani. Jezi za timu kubwa ziliteremshwa kwa timu ndogo msimu ulipokwisha, majina na namba vikafumuliwa. Jezi halali kabisa inaweza kuwa na makovu hayo, wakati jina safi kupita kiasi linahitaji maelezo.

Mwombe muuzaji picha ya mchezaji huyo akiwa ugenini mwaka 1951, maana kijivu kilikuwa cha ugenini. Linganisha herufi za kifuani zinavyokaa kuhusiana na vifungo: herufi ipi imekatwa na ufito wa vifungo, na kwa upana gani. Herufi zilikatwa na kushonwa kwa mkono wa mtu, hazikai sawasawa kwenye jezi mbili. Akikosa picha, mlipe bei ya jezi ya kuvaa au mrudishie.