Daftari za chama: picha zisife kwenye simu

SWALI: Mtaalamu, salaam. Babu alikuwa karani wa chama cha kuzikana hapa Pumwani, Nairobi, ameacha daftari nne za kumbukumbu za mikutano, 1951 hadi 1963. Nimezipiga picha kwa simu na kuzirusha kwenye grupu ya familia ya WhatsApp. Kijana wa saiba anasema nizigeuze PDF, kisha nifute picha nipate nafasi. Tena kuna mwanafunzi wa chuo kikuu anaziomba. Nifanyeje? – Msomaji, Pumwani

JIBU: Pole na msiba, na tafadhali usifute kitu. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarehe ya kupigwa iliyomo ndani ya faili huondolewa. Wino uliofifia ukiukuza, herufi zinakuwa madoa. Faili za kutunza ni zile zilizo kwenye simu yenyewe. Zihamishe kwa waya hadi kwenye kompyuta. PDF tengeneza, ni nzuri kwa kusomea, lakini haichukui nafasi ya picha asili. Na mtu akikushauri ugeuze JPEG (aina ya faili ambayo simu nyingi hutumia kwa picha) ziwe TIFF (aina nyingine, kubwa zaidi), muache: faili itanenepa tu, ubora uliokwisha kupotea haurudi.

Kazi kubwa iko kwenye maelezo. Jina kama IMG_0412 halimwambii mtafiti lolote. Iite pumwani_daftari2_1954_uk037, kisha fungua jedwali: daftari, ukurasa, tarehe ya mkutano, mwandishi, aliyepiga picha na lini. Piga pia majalada, risiti zilizochomekwa (pale pale zilipokutwa) na kurasa tupu. Ndiyo, hata tupu! Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil, msako uliokumba Nairobi nzima. Tuseme daftari haina mkutano wa Mei mwaka huo. Je, wanachama walikuwa kizuizini, au wewe uliruka ukurasa? Bila picha za kurasa zote kwa mfuatano, hakuna atakayejua, na pengo lile lile huenda ndilo analolitafuta mwanafunzi wako.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba yenu: diski ya nje kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ni ya kubebea tu. Zifungue kila mwaka uone kama zinasomeka.

Kuhusu mwanafunzi, kwanza kaa na familia na wazee wa chama. Kumbukumbu za namna hii hutaja madeni na magonjwa, na baadhi ya waliotajwa huenda wako hai. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayolinda taarifa binafsi za watu. Mpe nakala pamoja na jedwali, na masharti kwa maandishi. Mkikubaliana kuziweka wazi, Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti inayoendeshwa na CERN (taasisi ya Ulaya ya utafiti wa nyuklia), haitozi ada, hutoa kitambulisho cha kudumu cha DOI, na unaweza kufungia faili zisionwe na kila mtu.

Daftari zenyewe usizipeleke kulaminetiwa, hata ukibembelezwa na bei. Joto na plastiki vikishashika karatasi, havibanduki. Wala usizigandishe kwa selotepu. Ziweke kwenye sanduku kavu, juu ya sakafu, na mkiona hamuwezi kuzitunza, nendeni Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue mkaulizie utaratibu wa kuzikabidhi.