Safari ya gofu ya kundi kando ya ziwa: anza na muda wa tii, vyumba baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mengi kwa mpigo: watu 14 hadi 18, hoteli ya kando ya ziwa yenye uwanja wa mashimo 18, raundi tatu au nne, na hujui uanze na vyumba, usafiri au uwanja. Anza na uwanja. Na kwa uwanja namaanisha muda wa tii, yaani saa ambayo kila kundi lenu litapiga mpira wa kwanza. Chumba kinabadilishwa, gari hukodiwa jingine, lakini mkipangiwa kuanza saa 7 mchana kwenye uwanja wa ziwani, siku hiyo haikomboleki.

Sababu ni upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu ikipanda, hewa ya baridi kutoka ziwani huvutwa kuja kushika nafasi yake. Upepo huo huanza kusikika asubuhi ikishakolea, hufikia kilele alasiri, kisha hutulia jua linapozama. Kwenye ziwa kubwa, siku ya jua kali, shimo linaloelekea majini linaweza kukudai fimbo ndefu kwa hatua mbili kuliko uliyotumia asubuhi. Ziwa dogo halina ubavu huo, kwa hiyo usilipie zaidi muda wa alfajiri kwenye bwawa. Asubuhi ina kero zake: umande hufanya grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) kuwa nzito na mpira hausafiri, na ukungu unaweza kulichelewesha kundi la kwanza. Hizo zinavumilika.

Hesabu yenyewe ni hii. Kundi la watu wanne humaliza mashimo 18 kwa saa nne hadi nne na nusu. Viwanja vingi huachanisha makundi kwa dakika 8 hadi 12, tuseme 10. Makundi manne yakianza saa 1:00 asubuhi, la mwisho linaondoka saa 1:30 na kumaliza karibu saa 6:00 mchana. Mkitaka kucheza mara mbili kwa siku, hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma: tafuta saa ya machweo ya mwezi huo, toa saa tano, na hapo ndipo kundi lenu la mwisho linapaswa kuwa limeshapiga. Uwanja ukikuambia "njooni tu, tutawapanga", hujapata muda wa tii. Taka barua pepe yenye siku, saa na idadi ya makundi.

Kabla ya kulipa, uliza maswali ambayo tovuti ya hoteli haitayajibu. La kwanza: je, grini zitatobolewa karibu na tarehe zetu? Viwanja hutoboa grini na kujaza mchanga ili mizizi ipate hewa na maji yapenye, na kwa takribani wiki mbili mpira unarukaruka kama uko kwenye barabara ya vumbi. Kazi hiyo ni ya lazima kwao, ila si lazima iwe wiki yenu. La pili: kuna mashindano ya klabu siku hizo? La tatu: kifungua kinywa kinaanza saa ngapi? Hili huharibu asubuhi nyingi: jiko linafunguliwa saa 1:00 na kundi la kwanza linatakiwa liwe limepiga saa 1:00. Omba chakula cha kubeba, na kiandikwe kwenye mkataba. La nne: kutoka chumbani hadi tii ya kwanza (mahali pa kuanzia shimo) ni umbali gani? Kuna hoteli zinazotangaza gofu ilhali uwanja uko mwendo wa gari. La tano: ni mashimo 18 kweli, au ni 9 yanayochezwa mara mbili?

Idadi. Ushauri wangu ni 16, na si kwa kuwa inagawanyika kwa nne tu. Watu 16 ndiyo idadi ndogo kabisa inayowezesha makundi ya wanne wanne kubadilishwa kila raundi bila wawili wowote kucheza pamoja mara ya pili. Mkiwa 12 haiwezekani hata raundi ya pili, kwa sababu jana mlikuwa makundi matatu, na ukichagua wanne leo lazima wawili watoke kundi moja. Mkiwa 16 mnaweza kwenda raundi tano, na ya tano ikiisha kila mmoja amecheza na wote 15. Wape watu namba kwa kura, kisha tumia mpango huu kama ulivyo:

Raundi 1: 1-2-3-4, 5-6-7-8, 9-10-11-12, 13-14-15-16
Raundi 2: 1-5-9-13, 2-6-10-14, 3-7-11-15, 4-8-12-16
Raundi 3: 1-6-11-16, 2-5-12-15, 3-8-9-14, 4-7-10-13
Raundi 4: 1-7-12-14, 2-8-11-13, 3-5-10-16, 4-6-9-15
Raundi 5: 1-8-10-15, 2-7-9-16, 3-6-12-13, 4-5-11-14

Usijaribu kubuni mwenyewe kwa kuchora mraba na kufuata mishazari. Raundi tatu za kwanza zitakubali, ya nne itaanza kurudia watu. Mkiwa 15, acha namba yoyote moja wazi. Mkiwa 14 na raundi hazizidi nne, acha wazi 8 na 10, ambazo hukutana raundi ya tano peke yake, hivyo hamtapata kundi la watu wawili. Kundi la watatu litangulie mbele, maana linakwenda kasi. Likiwekwa nyuma litasubiri siku nzima. Mkifika 18 itabidi mwe makundi matano na mpango huu haufai. Haufai pia mkitaka timu mbili za wanane zishindane, kwa kuwa hapo kila kundi linahitaji wawili wa kila upande.

Sasa handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ambako ndiko ugomvi huanzia. Usikubali mtu aseme "mimi ni 18" na mkaishia hapo. Tangu 2020 kuna Mfumo wa Handikapu wa Dunia, na namba anayokuja nayo mchezaji lazima igeuzwe kulingana na uwanja na rangi ya tii mtakayotumia. Chukua namba yake, zidisha kwa kipimo cha mteremko wa uwanja (ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida ukilinganisha na bingwa; huandikwa kwenye kadi, kati ya 55 na 155), gawa kwa 113, kisha jumlisha tofauti ya kipimo cha uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji asiye na handikapu) na pa (mikwaju iliyowekwa kuwa ya kawaida kwa uwanja huo). Mfano: mwenye 18.0, mteremko 131, kipimo cha uwanja 73.1, pa 72. Anapata 20.87 jumlisha 1.1, yaani mikwaju 22. Mtu huyohuyo kwenye tii za mbele, mteremko 120 na kipimo 70.2, anapata 19.12 toa 1.8, yaani 17. Tofauti ya mikwaju mitano kwa mtu mmoja! Ndiyo maana wachezaji wa tii tofauti wanaweza kushindana kwa haki, mradi kila mmoja amefanyiwa hesabu yake.

Kisha kuna asilimia kulingana na aina ya mchezo. Stableford (mchezo wa kuhesabu pointi za kila shimo badala ya mikwaju yote) ya mtu binafsi ni 95% kwa watu 30 na zaidi, lakini kundi dogo kama lenu ni 100%. Stableford ya wawili wawili, mpira bora ukihesabiwa, ni 85%. Mchezo wa timu ya wanne ambapo wote wanapiga kisha mnachagua mpira mmoja uliokaa vizuri, chukua 25% ya handikapu ndogo kabisa, 20% ya inayofuata, 15%, kisha 10% ya kubwa. Timu yenye 8, 14, 20 na 30 inapata 2 + 2.8 + 3 + 3, yaani 11. Wengi hugawa wastani tu, halafu wanashangaa timu yenye wachezaji dhaifu inashinda kwa mbali.

Mchezo huo wa kuchagua mpira mmoja uwe wa siku ya kwanza. Watu wametoka safarini, migongo imekaza, na hakuna anayeaibika akipiga majini kwa kuwa kuna mipira mitatu mingine. Siku zinazobaki chezeni Stableford. Sina shauku na kuhesabu mikwaju yote kwenye safari ya kundi mchanganyiko: mmoja akipiga 11 kwenye shimo moja, amejiharibia siku na kuwachelewesha wote walio nyuma. Kwenye Stableford, ukishapoteza pointi za shimo unaokota mpira na maisha yanaendelea.

Maji yenyewe yanahitaji kanuni iliyosemwa kabla ya kundi la kwanza kuondoka. Vigingi vyekundu na vya njano vinavyoonyesha mpaka wa maji havifanani. Vyote vinakugharimu mkwaju mmoja wa adhabu ukiamua kutoka majini, lakini vyekundu vinakupa nafasi ya ziada: kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali ulipovukia mpaka, bila kusogea karibu na shimo. Vya njano vinakulazimu urudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na mahali mpira ulipovukia, au urudi ulikopigia. Kwa mpira uliopotea kwenye majani au uliotoka nje ya uwanja, muulize msimamizi kama kanuni ya uwanja inaruhusu kudondosha mbele kwa mikwaju miwili ya adhabu badala ya kurudi kwenye tii. Kama hakuna, iwekeni nyinyi kwa mashindano yenu, inaokoa muda mwingi. Ila haihusu mpira ulioingia majini. Kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano. Ilibadilishwa 2019 na bado kuna wanaobisha. Na mtu yeyote asiingie ziwani kufuata mpira. Afadhali kila mmoja abebe dazeni moja kwa raundi mbili, na wageni wa mchezo dazeni mbili.

Fedha zisikae mfukoni mwa mratibu. Mteueni mweka hazina tofauti na anayepanga. Hoteli itakupa tarehe mbili: ya mwisho kujitoa bila kukatwa, na ya kupeleka idadi kamili. Zako ziwe wiki mbili kabla ya kila moja. Arbuni ikusanywe kabla hujaweka oda, maana anayesema "nipo" kwenye kundi la WhatsApp bila kutuma kitu hayupo. Andika mapema kwamba anayejitoa baada ya tarehe hiyo analipa sehemu yake mpaka apatikane wa kuziba nafasi, la sivyo gharama ya chumba cha wawili itamwangukia mwenzake. Waulize pia hoteli kama wanatoa nafasi ya bure kwa kundi la ukubwa wenu. Wengine hutoa, ila hawasemi usipouliza. Kwenye bei ya jumla tenganisha kilichomo na kisichomo: ada ya uwanja kila raundi, kigari, kedi (mbeba mfuko), mipira ya mazoezi, kukodi fimbo. Bahshishi ya makedi ikusanywe pamoja tangu mwanzo, isije ikawa kila mtu anatoa lake na wengine wanajificha.

Vigari: kimoja hubeba watu wawili na mifuko miwili, hivyo 16 mnahitaji vinane kwa wakati mmoja. Uliza kama vipo vinane vinavyotembea, na kama mvua ikinyesha vinaruhusiwa kuingia kwenye majani. Fimbo za kukodi za wanaotumia mkono wa kushoto huwa chache. Zitajwe kwa idadi siku ya kuweka oda.

Usafiri nitaupitia haraka. Gari dogo halichukui watu wanne na mifuko minne, hata mkipanga vipi. Gari la abiria 14 lihesabu kwa wachezaji wanane. Kwa ndege, angalia kikomo cha uzito cha tiketi yako, kwa sababu mfuko uliojaa fimbo 14, viatu na mipira unaweza kupita kilo 15. Fungua kichwa cha dreva (fimbo ndefu kuliko zote) kama kinafunguka, kifunge kwenye soksi, na acha fimbo moja ndefu au gongo maalumu lisimame juu ya nyingine ili mfuko ukiangushwa kichwachini lipokee kishindo. Betri za akiba za kipima umbali ziende nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo.

Siku ya kuondoka chukua muda wa tii wa mapema kuliko zote na omba chumba kimoja au viwili vya kuogea baada ya kukabidhi funguo.

Radi muijadili jioni ya kwanza. King'ora kimoja kirefu maana yake acha papo hapo, hata kama ulikuwa unalenga. Milio mitatu mfululizo ni kusimamisha kwa kawaida, na kundi lililokwisha kuanza shimo linaweza kulimaliza. Milio miwili mifupi, endeleeni. Uwanja usio na king'ora, ngurumo ya kwanza ndiyo king'ora: ondokeni kwenye maji na miti, ingieni jengoni, na baada ya ngurumo ya mwisho subirini dakika 30, ikilia tena, hesabu inaanza upya. Raundi iliyokatika namna hiyo ihesabiwe kwa mashimo ambayo makundi yote yameyamaliza, na hilo likubaliwe kabla mtu hajajua anaongoza au la.