Kujifunza kuchora kwa vipindi vya TV: inawezekana, ila kuna vitu havionyeshwi

Mkuu umeuliza kama mtu asiyejua hata kushika brashi anaweza kujifunza kwa vile vipindi vya TV vya wanaoanza, maana umeangalia karibu msimu mzima na ulipojaribu ikatoka tope tupu. Jibu langu ni ndiyo, anaweza, mimi nimejifunzia huko huko na mwalimu wa kukaa nae sijawahi kupata. Ila nilipoteza kama mwaka hivi kwa sababu ya vitu ambavyo kwenye TV havionekani.

Nilianza na The Joy of Painting ya Bob Ross, mchoraji wa Kimarekani. Kile kipindi kilirushwa Marekani 1983 mpaka 1994, misimu 31, sehemu 403, kila sehemu haifiki nusu saa na ndani ya huo muda jamaa anaanza na kanvasi tupu anamaliza na mlima, miti, mto na kibanda. Mimi nikawa nachora nae mwanzo mwisho, yeye anasaini jina mimi mbele yangu kuna kijivu tu, nikaamini kabisa sina kipaji na iliniuma sana.

Kumbe ile picha hakuwa anaibuni pale. Kila picha alikuwa anaichora mara tatu, ya kwanza kabla ya kurekodi anaiweka pembeni kamera isikoona ili awe anaichungulia, ya pili ndo ile unayoiona, ya tatu baadae kwa ajili ya kitabu. Na mbinu yenyewe ya kuchora haraka alikuwa nayo tangu yuko jeshi la anga. Sasa wewe unataka kwenda sawa na mtu ambaye ile picha ameshaichora, haiwezekani, na wala sio kosa lako.

Halafu hilo tope. Yule anaweka rangi ya mafuta mbichi juu ya mbichi, yaani ya chini haijakauka, mara nyingi anaanza kwa kupaka kanvasi nzima rangi nyeupe ya majimaji, na kwa kuwa ni nyeupe juu ya nyeupe kwenye kioo cha TV huoni kabisa kapaka kiasi gani. Mimi nilikuwa napaka kama napaka ukuta. Inatakiwa utando tu, ukigusa kidole kinatoka na weupe hafifu, mistari ya kidole bado unaiona. Ikizidi kila rangi unayoleta inateleza na kuyeyukia humo. Na ukishaweka rangi acha, ukirudia rudia pale pale zinachanganyika zote. Theluji ya mlimani ndo ilinitesa kuliko vyote mpaka nilipoelewa kwamba kile kisu cha kupakia rangi hakikandamizwi, unachota kamstari kembamba ka rangi kwenye makali, unakishusha kufuata mteremko kama vile hutaki kugusa, rangi inakatika katika yenyewe na zile nafasi zilizobaki ndo zinakuwa mawe. Siku ilipotokea mara ya kwanza nilisimama naiangalia muda mrefu tu.

Vipindi vya kazi za mikono navyo vina lao. Mtangazaji anatengeneza bakuli kwa kubandika karatasi zenye gundi juu ya puto, anasema sasa tuache ikauke, anainama anatoa nyingine iliyokauka tayari. Hakuna TV itakayokuonyesha gundi ikikauka! Bakuli langu la kwanza nilipasua puto kesho yake, likabonyea lote, maana nje lilikuwa kavu ndani bado chepechepe. Siku hizi naweka matabaka machache, nasubiri mpaka hata kwa ndani lisiwe na ubaridi ukiligusa, ndo naongeza mengine.

Ninavyofanya sasa: mara ya kwanza naangalia mikono mitupu, sishiki kitu, naangalia mkono wake tu sio picha. Mara ya pili nasimamisha kila hatua. Na sichori picha nzima, wiki nzima naweza kufanya milima tu kwenye kanvasi ile ile, nakwangua rangi, nafuta kwa kitambaa, naanza tena.

Kwa hiyo usinunue brashi mpya kwanza. Chukua kanvasi ndogo, paka hiyo nyeupe kisha ifute mpaka uone kama umeimaliza, chora mlima mmoja halafu weka picha hapa, na useme ulipaka kiasi gani.