Ukiovakloki na mashine ikazimika, anza na plagi ya prosesa

Wiki mbili nzima niliilaumu prosesa bure. Ilikuwa AMD FX-8350, ile ya kori nane iliyotoka 2012, na kiwandani hukimbia gigahezi 4.0. Nikaiovakloki, yaani nikaipandisha kasi kupita ya kiwandani, hadi 4.6. Windows ikawaka vizuri, nikafungua Prime95, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, niipime, na hata dakika tano hazikupita: giza. Feni, taa, vyote kimya.

Nikaongeza volti za prosesa. Ikazimika mapema zaidi. Nikaongeza tena, ikawahi zaidi ya hapo.

Dalili hiyo ndiyo ningeisoma siku ya kwanza. Prosesa iliyopungukiwa volti huwa inakuonya: Prime95 inatoa makosa, au skrini inageuka bluu. Sehemu za madabodi (bodi kuu ya kompyuta) zinazoilisha prosesa umeme zikipata joto mno, mara nyingi utaona kasi ikishuka yenyewe huku mashine bado inawaka. Lakini mashine ikikata ghafla, na kila ukiongeza volti inakata mapema zaidi, shuku njia ya umeme. Kule kwenye kumbukumbu za Windows nilikuta rekodi za kosa la Kernel-Power 41 zimejipanga. Hiyo inakwambia tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Sababu utaitafuta mwenyewe.

Nikafungua kasha, nikashika tochi. Juu ya madabodi, karibu na prosesa, kuna soketi ya pini nane za volti 12. Pawa saplai nyingi (kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) huigawa plagi yake vipande viwili vya pini nne, na mimi nilikuwa nimechomeka kimoja tu. Cha pili kilikuwa kimebanwa nyuma ya bamba, kimefungwa pamoja na waya nyingine. Nilipochomoa kile kilichokuwa kazini, plastiki ilikuwa imeanza kuwa kahawia upande wa waya za njano.

Piga hesabu uone. FX-8350 imeandikiwa wati 125, lakini ukiipandisha inaweza kuvuka 200. Wati 200 kwa volti 12 ni kama ampea 17. Kwa waya mbili za njano, kila pini inabeba zaidi ya ampea 8. Kwa waya nne, kama 4. Na joto kwenye maungio hukua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukipunguza mzigo nusu, joto la kila pini linabaki robo.

Kwa hiyo zima mashine, chomoa waya wa ukutani, kisha sukuma kila plagi mpaka usikie klipu ikilia. Ile kubwa ya pini 24 usiisahau. Plagi iliyobadilika rangi au kulegea usiirudishe kazini, na kama soketi ya madabodi nayo imeungua, mpelekee fundi.

Sasa sikiliza hili vizuri. Plagi ya kadi ya picha nayo ina pini nane na inafanana sana na ya prosesa, ila waya za volti 12 zimekaa upande mwingine. Ukiilazimisha kuingia, unaunganisha volti 12 moja kwa moja na waya wa ardhi, yaani shoti. Vilevile usiazime waya wa pawa saplai nyingine, hata kama unaingia bila shida: upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka. Watu wameunguza diski na madabodi kwa njia hiyo.

Ukiwa na mita ya kupimia volti na mkono uliotulia, pima waya wa njano kwa nyuma ya plagi wakati Prime95 inakimbia. Inatakiwa iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, rudisha kasi ya kiwandani na ushughulikie pawa saplai kwanza.

Mimi nilibadilisha pawa saplai, nikachomeka pini zote nane, nikazirudisha volti nilikoanzia. Prime95 ilikimbia usiku kucha kwa 4.6.