Kutetemeka kwenye tii ya kwanza

Mdogo wangu, umesema kwenye gofu mazoezini unapiga vizuri, ila siku ya mashindano hapa Tanga mikono inatetemeka, na shimo moja lilikutoa kwa mapigo 9.

Pole sana. Kutetemeka huwapata hata wazoefu. Kwenye tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia shimo, iache dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, kwenye mfuko wa fimbo. Chukua fimbo namba 7, iliyo fupi zaidi, shusha pumzi taratibu, legeza vidole mpaka uhisi uzito wa kichwa cha fimbo, ndipo upige. Mpira ukitua kwenye nyasi fupi, inatosha.

Ila kwa maoni yangu, kilichokuponza si mikono. Ni yale mapigo ya kutafuta upenyo katikati ya miti. Mpira ukiingia vichakani, utoe pembeni urudi njiani. Ukiwa hauchezeki, kanuni zinakuruhusu kuudondosha kwa adhabu ya pigo 1. Mwaka 1999 kwenye mashindano ya The Open kule Carnoustie, Uskoti, mcheza gofu Jean van de Velde alifika shimo la 18 akiongoza kwa mapigo 3. Badala ya kujihadhari akashika dreva, akamaliza kwa 7, kisha Paul Lawrie akamshinda kwenye mashimo ya nyongeza. Na huyo ni mchezaji wa kulipwa!

Kusi ikivuma usoni, usiongeze nguvu. Chukua fimbo ndefu zaidi, piga kwa upole.

Halafu, handikapu yako ya 24, yaani mapigo ya nyongeza unayopewa kwa kiwango chako, inakupa pigo la ziada kila shimo, na mawili kwenye mashimo 6 magumu zaidi. Pa 4, yaani shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 4, ukiimaliza kwa 5, hujapoteza kitu.