Usikimbilie kumwita asura shetani

Nilipoanza kutafsiri tamthilia za Kihindi ili ziingizwe sauti za Kiswahili, nilikuwa na neno moja la kuwamaliza viumbe wote wa kutisha wa visa vyao vya kale. Asura, shetani. Rakshasa, shetani. Pishacha naye, shetani. Kazi ilikwenda mbio mpaka nilipofika kwa mfalme Bali.

Bali ni asura. Yuko ibadani anagawa sadaka, anatokea Brahmini (mtu wa ukoo wa makuhani) mmoja mfupi kama mtoto, anaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mwalimu wake Bali anamnong'oneza: huyo ni mungu Vishnu, atakufilisi. Bali hajali, ameshaahidi. Anammiminia mgeni maji kiganjani kuthibitisha. Mgeni anakua. Hatua ya kwanza inamaliza dunia, ya pili mbingu. Ya tatu hakuna pa kukanyaga, Bali anainamisha kichwa. Na mimi nimeandika: "Shetani anatimiza ahadi."

Nikamwonyesha jirani yangu, mzee ambaye kwao ni Kerala, kusini mwa India. Akavua miwani. "Mwanangu, huyu kila sikukuu ya Onam tunamtandikia maua mlangoni, anarudi kutujulia hali. Wewe unamwita shetani?"

Kwa hiyo ukisoma au kusimulia visa hivi, uliza kwanza neno limetoka wapi. Katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu za Wahindu wenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, asura ni jina la heshima, bwana mwenye nguvu. Hata mungu Varuna anaitwa hivyo. Wengi hulihusisha na asu, pumzi ya uhai. (Kwetu pia pepo na upepo haviko mbali.) Kwa Waajemi wa kale neno hilohilo likazaa Ahura Mazda, Mungu mkuu, huku daeva, ndugu wa deva wa Wahindi, wakiwa ndio pepo wabaya. India ikawa kinyume: deva wakabaki miungu, asura wakawa mahasimu wao. Lakini ni mahasimu wa tumbo moja. Kitabu chao cha kale, Shatapatha Brahmana, kinasema wote ni wana wa Prajapati, bwana wa viumbe. Mimi naona ugomvi wa mirathi hapo. Ukisema "shetani", msikilizaji wetu anataja jina la Mungu na kesi imekwisha.

Rakshasa nao wana yao. Utenzi wa Ramayana unasimulia kwamba mungu Brahma aliumba viumbe walinde maji, na waliojibu "tutalinda" ndio wakaitwa hivyo, kwa neno raksh, kulinda. Ravana mwenyewe, mfalme wao, ni mjukuu wa Pulastya mtakatifu, na Veda, maandiko matakatifu, anazijua.

Siku hizi asura namwacha asura. Rakshasa wa porini anayetafuna wapita njia namwita zimwi bila wasiwasi, maana mazimwi yetu nayo yanakula watu. Ravana hapana.

Onam iliyofuata mzee alinialika chakula. Mlangoni palikuwa na duara la maua ya rangi rangi. Nikanyanyua mguu nivuke, akanishika mkono.

"Pitia pembeni. Hiyo njia ya mfalme."